Chungu Chenye Taa

Wenzetu wa pwani wapandao Kisii na Nyamira kununua ndizi hurudi na kicheko: ati Mabaniani wa Kisii mjini huzunguka chungu siku tisa za Navaratri. Kicheko hicho hakinipendezi.

Chungu chenyewe ni cha udongo, kimetobolewa matundu, na ndani mna taa. Wagujarati hukiita garbo, neno lenye asili ya tumbo la uzazi. Wanawake hukizunguka wakimwimbia Mama, aitwaye Amba au Durga: mwenye mikono mingi yenye silaha, kapanda simba au chui milia, kamuua pepo wa umbo la nyati. Taa ndani ya tumbo! Mshairi gani angepita asigeuke?

Sisi hatuna wa kumuabudu ila Allah, na hapo hapana suluhu. Lakini Sura Al-An'am, aya ya 108, yatukataza kuwatukana waabudiwa wa wenzetu. Na kejeli si tusi?

Sheria ya leseni ya mwaka 1967 iliwafanya Wahindi wengi wasio raia wafunge maduka katika miji midogo ya Kenya. Waliobaki ni jirani. Akualikaye, nawe hutaki kuingia, mwambie kwa adabu pale mlangoni.