Kazi ya Serikali au ya Binafsi? Pima Nyumba Kwanza



Mwezi huu tunayo barua ya mama mmoja wa Kimandolu, Arusha. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana umri wa miaka 34, ameolewa na ana watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo bado ananyonya. Kwa miaka sita amefundisha katika shule ya binafsi ambayo huenda kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Mume wake ni dereva wa watalii. Sasa jina la mama huyu limetoka katika ajira mpya za serikali, naye amepangiwa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Ni mkoa huohuo wa Arusha, lakini ni safari ya siku nzima kwa basi. Tarehe ya kuripoti imeandikwa katika barua yake, na siku zinakwisha.

Mama mkwe anasema kazi ya serikali ndiyo kazi. Mume anasema hakuoa ili aishi kama kapera. Mwenyewe anasema hapati usingizi, na kwamba wiki hii yeye na mumewe wamelala mara mbili bila kusemezana. Anauliza aende au abaki.

Dada yetu huyu hayuko peke yake. Walimu, wauguzi, wahasibu na makarani wengi hufikia njia panda hii. Basi tuitazame pamoja.

HAKUNA KAZI ISIYO NA MWISHO

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa mtumishi wa serikali ana mkate wa kudumu, na kwamba mtu wa kampuni anaishi kwa kubahatisha. Vijana wa leo nao husema kinyume: serikalini kuna njaa, fedha iko kwa watu binafsi. Anayeishi Arusha hana haja ya kubishana. Mji wenyewe umekwisha kujibu.

Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa, makao yake makuu yakawa Arusha. Kazi za Jumuiya katika reli, posta, bandari na ndege zilikuwa za kutamanika. Mwaka 1977 ikavunjika, na waliokuwa wafanyakazi wake hapa nchini walidai mafao yao kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kufikia makubaliano na serikali mwaka 2005. Katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa kazini, na mashirika mengi ya umma yakauzwa. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho serikali ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, nacho kilisimamisha uzalishaji. Na mwaka 2017, baada ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi.

Upande wa pili haukuwa salama zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi mjini Arusha kwa karibu miaka 20, ikafungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015, na ajira zake zikaondoka nayo. Utalii nao tuliuona wakati wa korona. Wageni walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 hawakuzidi sana 620,000. Nyumba za madereva, wapishi na wapagazi wa Mlima Meru na Kilimanjaro zinakumbuka mwaka ule bila kusomewa takwimu.

Kwa hiyo tusipoteze muda kutafuta kazi isiyokufa. Tujiulize: kazi hii ikisimama, nyumba itashika nini?

SOMA KARATASI, USISOME JINA LA MWAJIRI

Chukua daftari, piga mstari katikati, uandike upande huu serikali na upande huu shule yako ya sasa. Kisha jaza mambo haya.

Mkataba. Serikalini utakuwa katika majaribio kwa miezi 12, halafu uthibitishwe katika ajira ya kudumu yenye malipo ya uzeeni. Katika shule yako mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, huandikwa upya kila Januari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayepunguzwa kazi, akiwa ametimiza mwaka mmoja au zaidi, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliofanya kazi, hadi miaka 10. Lakini mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa tarehe yake, malipo hayo hayapo. Mama wengi hugundua hilo siku wanapokabidhi funguo.

Akiba ya uzeeni. Tangu mwaka 2018 watumishi wa umma wako katika mfuko wa PSSSF, na wa sekta binafsi wako NSSF. Katika PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huchangia asilimia 15. Katika NSSF jumla ni asilimia 20 vilevile, ila kwa kawaida mfanyakazi hubeba nusu yake. Pensheni ya kila mwezi huhitaji miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Dada yetu ameandika kwamba karatasi yake ya mshahara inaonyesha makato, lakini alipouliza ofisi ya mfuko alikuta miezi kadhaa haikupelekwa. Hilo asilinyamazie, awe anaondoka au anabaki. Mwajiri anawajibika kupeleka fedha hizo, na mfuko una mamlaka ya kumdai.

Matibabu. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 3 ya mshahara katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na serikali asilimia 3. Kadi hiyo humhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Shule nyingine za binafsi hukata bima, nyingine huacha kila mtu ajitegemee. Uliza, uandike.

Uzazi. Hapa wengi hudanganywa. Sheria ya mwaka 2004 inambana mwajiri wa binafsi pia: siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwajiri anayekuambia kwamba kwake ukizaa unaacha kazi, anavunja sheria.

Mshahara. Uandike ule unaofika mkononi. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000 kwa mwezi, na mwalimu hulipwa kwa ngazi yake. Sekta binafsi kila aina ya kazi ina kima chake, kwa amri ya waziri. Kisha ongeza yasiyoonekana: punguzo la ada analopata mtoto katika shule unayofundisha, nauli ambayo huilipi kwa sasa, kodi ya chumba Loliondo, na chakula cha meza mbili.

MISHAHARA YA NYUMBA MOJA ISIANGUKE SIKU MOJA

Ukimaliza kujaza daftari, usiamue bado. Mezani weka na daftari la mume wako.

Mume wa dada yetu anaishi kwa utalii. Masika inapoingia wageni hupungua, na mfuko wa nyumba hupungua pamoja nao. Shule ya mke nayo inategemea ada, na katika mji kama Arusha wazazi wengi hulipa ada kwa fedha ya utalii huohuo. Ina maana siku watalii wasipokuja, baba hana safari na mama anaweza kukosa mshahara. Nyumba ina watu wawili wanaofanya kazi, lakini inasimama kwa mguu mmoja.

Kwa nyumba ya namna hii mizani inaelemea upande wa serikali. Mshahara wake huenda usiwe mkubwa, lakini hautegemei ndege zitakazotua Uwanja wa Kilimanjaro mwezi huo. Kama mume angekuwa mtumishi wa umma tayari, mwenye bima ya familia na pensheni yake, ningesema kinyume: baki Kimandolu, dai mkataba mzuri na michango yako, uwe karibu na watoto. Kazi ileile iliyo njema kwa jirani yako inaweza kuwa mzigo kwako. Wazee walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini pia kuna mbachao uliokwisha kuchakaa.

GHARAMA ISIYOANDIKWA KWENYE MSHAHARA

Yule anayesema hakuoa ili aishi kama kapera asidharauliwe. Nyumba nyingi zimepasuka kwa ajili ya umbali, na fedha haikuziunga.

Dada mpendwa, usitegemee kwamba utahamishwa baada ya miezi michache. Uhamisho wa kumfuata mwenzi upo, lakini ni ombi linalosubiri kibali, na ukihama kwa ombi lako mwenyewe gharama ni zako. Panga kama mtu atakayekaa.

Kaeni wawili, bila mama mkwe na bila mashoga, mkubaliane mambo manne. Kwanza, mtoto anayenyonya aende na mama yake. Pili, mkubwa amalizie mwaka wa shule akiwa na nani? Bibi yake ni sawa, kama bibi mwenyewe ameulizwa na ana nguvu. Tatu, wakati wa wageni wengi baba huwa porini wiki baada ya wiki hata sasa. Basi masika, kazi inapopungua, yeye ndiye aende Loliondo. Nne, wekeni tarehe, tuseme baada ya miaka miwili, ya kukaa tena na kuamua upya: familia yote ihamie kule, uombe uhamisho, au urudi.

Mkikubaliana hayo, nenda. Msipokubaliana, usiondoke kwa hasira wala kwa siri. Katika matangazo mengi ya kazi za serikali mwombaji hutakiwa asizidi miaka 45. Una miaka 11 mbele yako. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba jina litatoka tena, lakini ajira hutangazwa upya, ndoa haitangazwi.

KABLA HUJAONDOKA, AU KABLA HUJABAKI

Ukienda, toa taarifa ya maandishi shuleni kwako. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kama tarehe ya kuripoti iko karibu zaidi, zungumza na mkuu wako mapema mpatane. Omba cheti cha utumishi, na pata NSSF taarifa ya michango yako. Usikimbilie kuichukua akiba hiyo. Uliza kwanza jinsi miezi yake itakavyohesabiwa pamoja na ya mfuko mpya. Hakikisha majina katika vyeti vyote yanafanana, na cheti cha ndoa kiwe mfukoni.

Ukishaingia serikalini, watakuja wenye mikopo. Mshahara wa serikali hupendwa sana kama dhamana. Utaratibu unataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi baada ya makato, lakini theluthi moja haikulishi Loliondo na Kimandolu kwa pamoja. Mwaka wa kwanza usikope.

Ukibaki, usibaki kimya. Dai nakala ya mkataba, dai miezi ya NSSF iliyokosekana, na ufahamu kwamba ukiachishwa kazi bila haki una siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na mtafute pamoja njia nyingine ya kipato isiyotegemea wageni, hata iwe kuku au bustani ya mboga ya kupeleka soko la Tengeru.

Wengine mlio katika njia panda kama hii, tuandikieni mlivyoamua na kilichotokea baadaye. Uzoefu wenu utamsaidia mama mwingine.

Tukutane mwezi ujao.