Siku ya tatu haiko Jumatatu

Kwetu Lubumbashi siku ya tatu ni mercredi. Kule pwani wanahesabu toka Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu yao ni siku yetu ya kwanza. Kijana wetu aliandika barua ya matanga kwa ordinatere, programu ikajaza siku yenyewe: «Jumatatu». Muzee mumoja akafika siku ya tatu. Tulikuwa tumekwisha kutawanyika. Wenye kusema «mujifunze Kiswahili safi» wanitoshee kwanza siku ya posho: ndani ya jina hilo muko jasho ya babu zetu, waliogawiwa chakula siku ile. Orodha ya lugha inayo «Kiswahili (Kongo)»; basi siku zake ziwe za Kongo! Kwa sasa muandike hesabu: 14/7, siku mbele, mwezi nyuma.