Alizeti haijui hesabu

Kila mara napokea zile picha zinazodai kwamba uwiano wa dhahabu, 1.618, umefichwa ndani ya kila kiumbe, kuanzia uso wa mrembo hadi gamba la nautilasi, yule ndugu wa pweza. Jamani, tupunguze! Gamba hilo linapendeza kweli, lakini lipimeni: kwa kawaida halifuati uwiano huo.

Alizeti ndiyo inao, na sababu yake yajulikana. Kila kichipukizi kipya hutokea kwa pembe ya karibu digrii 137.5 kutoka kwa kilichotangulia. Ndipo mbegu hujipanga kwa mizunguko inayopishana. Ihesabuni: mara nyingi mtapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili.

Mwaka 1979 Helmut Vogel alitoa fomula yake. Zidisha namba ya mbegu kwa 137.5, upate pembe. Kipeuo cha pili cha namba hiyo hiyo kinakupa umbali kutoka katikati. Programu yake ni mistari michache tu. Sasa weka 135 badala ya 137.5: mbegu zinapanga foleni nane zilizonyooka, na nafasi kubwa zinabaki wazi. Hakuna aliyeliambia ua kuhusu 55. Ni kanuni ndogo iliyorudiwa.

Kwa hivyo nasema, watoto wetu wasipewe picha za kushangaa tu. Wapeni alizeti na tarakilishi, wahesabu wenyewe. Anayezoea kushangaa bila kupima, kesho ataamini chochote anachotumiwa.

Mwasemaje?