Seli za Kinga Nazo Hula

Mtu akivimba midomo baada ya kula kamba, au mtoto akibanwa kifua kila nyumba inapofagiliwa, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: amekula nini, amegusa nini? Ni swali la haki. Tangu Clemens von Pirquet wa Vienna alipoanza kulitumia jina la kitabibu la mzio mwaka 1906, swali hilo limewaepusha wengi na hatari. Hoja ya toleo hili ni kwamba halitoshi. Tunataka madaktari na watafiti wetu waulize na la pili: hizo seli za kinga zinazowasha moto mwilini zinapata wapi nguvu ya kuuwasha?

Tuitazame seli moja kwa karibu. Seli masti hukaa kwenye ngozi, puani, katika njia za hewa na kwenye utumbo, yaani kila mpaka ambapo mwili hukutana na vitu vya nje. Ndani yake mna vifuko tele vyenye histamini. Juu yake zimeshika kingamwili za IgE, ambazo zilitambuliwa miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbali mbali: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, na Johansson na Bennich huko Uppsala. Protini ya utitiri wa vumbi ikizinasa IgE kadhaa kwa pamoja, seli huimwaga histamini yake ndani ya dakika chache. Hapo ndipo pua huanza kuchuruzika na ngozi kuwasha, na mwenye pumu akaanza kutafuta pampu yake.

Lakini kuvimwaga vifuko hivyo ni kazi, na kazi inataka nishati. Seli huivamia glukosi na kuivunja kwa kasi, na mitokondria nazo huongeza bidii. Majaribio ya maabara yameonyesha tangu zamani kwamba njia hizi mbili za kutengeneza nishati zikizibwa kwa pamoja, histamini haitoki, ingawa kizio, yaani kitu kinachochochea mzio, kipo na IgE ipo. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Maana yake ni kwamba kati ya kizio na dalili kuna hatua ambayo tumezoea kuiruka, nayo ni umetaboli wa seli yenyewe.

Seli nyingine zina hesabu zao. Seli T zinazoshambulia hutegemea sana glukosi, wakati zile zinazotuliza mashambulizi huweza kujiendesha kwa kuunguza asidi za mafuta. Msomaji asikimbilie kusema kwamba sukari huchochea na mafuta hutuliza. Katika mapafu ya panya wenye pumu ya mzio kuna seli za limfu zinazojiwekea matone ya mafuta na kuyatumia kuendeleza uvimbe ule ule. Kila seli ina mlo wake na wakati wake, na ndiyo sababu tumewapa waandishi wetu kurasa nyingi kuliko kawaida.

Je, sahani ya chakula inaifikia seli? Mwaka 2014 kundi la Benjamin Marsland huko Lausanne lilionyesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi kwa wingi walipata uvimbe mdogo wa mapafu walipowekewa kizio cha utitiri. Bakteria wa utumbo walizichachusha nyuzinyuzi hizo zikawa asidi fupi za mafuta, na mojawapo, propioneti, ilibadili hata seli za kinga zinazozaliwa kwenye uboho wa mifupa. Panya si binadamu. Ila njia yenyewe, kutoka utumbo hadi uboho hadi mapafu, sasa inajulikana, na inapita kwenye maharage na ulezi.

Na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, tena si kama msikilizaji. Mwaka 2025 watafiti walioshirikiana Moshi na Nijmegen, Godfrey Temba akiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya kutoka kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kusindikwa vya kimagharibi. Wa mjini wakarudishwa kwenye mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Wengine wakanywa mbege kwa wiki moja, ile ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Wiki mbili tu zilitosha. Waliohamia mlo wa kimagharibi walionyesha dalili za uvimbe katika damu, na seli zao za kinga zikawa nzito kuwajibu vimelea. Waliorudi kwenye mlo wa asili walielekea upande mwingine, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Jaribio hilo halikupima mzio, na lilihusu wanaume peke yao. Hakuna ukurasa katika toleo hili unaomwambia mwenye pumu aache pampu yake akanywe uji, wala aliyeandikiwa sindano ya adrenalini aiweke kabatini. Anayeuza lishe kama dawa ya mzio leo anauza asichokuwa nacho.

Tunachodai ni jaribio la namna hiyo kwa wenye pumu na ukurutu, wanawake na watoto wakiwemo, katika miji ambayo chipsi na soda vimeusukuma mlo wa nyumbani pembeni ndani ya kizazi kimoja. Tunadai pia lifanyike hapa, na sababu ni ya kimaabara. Umetaboli hupimwa vizuri zaidi katika seli hai, saa chache baada ya damu kutolewa. Seli zilizogandishwa na kusafirishwa kwa ndege hazirudi zikiwa zile zile. Basi mashine za kupima kiasi cha oksijeni na glukosi ambacho seli inatumia ziwekwe Moshi, Entebbe na Kilifi, karibu na kitanda cha mgonjwa, pamoja na vijana waliofunzwa kuziendesha na bajeti ya kununua vitendanishi mwaka hadi mwaka.