Vijana Waitwe Kabla ya Uamuzi, Si Baada Yake

Kila penye mjadala wa sera ya mazingira nchini Kenya, iwe katika ukumbi wa hoteli jijini Nairobi au chini ya mwembe nje ya afisi ya wadi, husikika hoja zilezile za kueleza kwa nini vijana wangoje kwanza. Mara nyingi hutolewa kwa upole na watu wenye nia njema, na pengine ndiyo sababu zimedumu muda mrefu hivi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya Wakenya wana umri wa chini ya miaka 35, na wengi kati yao ni watoto ambao hata kura hawana. Kwa hiyo hoja hizi zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

"Mambo haya yanahitaji utaalamu, na vijana hawana"

Hoja hii ina uzito. Kupima joto la bahari, kukadiria mvua za miaka 20 ijayo na kupiga hesabu za gharama ya umeme ni kazi za waliozisomea. Lakini tutazame yaliyotokea Lamu. Palipangwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, kando ya bahari, katika kaunti yenye Mji Mkongwe ambao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Wataalamu hawakukosekana. Waliandika ripoti ya athari kwa mazingira, ikapelekwa kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na mwaka 2016 leseni ikatolewa. Wakazi kupitia kundi la Save Lamu wakaipinga mbele ya mahakama maalumu inayosikiliza rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Sababu zilizotolewa zinafaa kusomwa na kila afisa wa mipango. Mikutano iliyofanywa na wakazi ilikuwa ya utangulizi tu, kabla utafiti wenyewe haujakamilika, kwa hiyo watu waliombwa maoni juu ya jambo ambalo undani wake hawakuonyeshwa. Isitoshe, ripoti haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Shahada zilikuwepo tele, na bado mradi ulianguka kwa sababu wenyeji hawakuulizwa kwa wakati wala kupewa habari kamili.

Mvuvi wa miaka 22 kule Lamu hawezi kukokotoa moshi wa bomba la kiwanda. Hata hivyo anajua mazalia ya samaki yako wapi, maji hugeuka vipi kusi inapoingia, na ni samaki gani ambao baba yake aliwavua karibu na ufuo ilhali yeye anawafuata mbali. Kiwanda kinapotaka kumwaga maji moto baharini, maarifa hayo ni sehemu ya utafiti. Mtaalamu asiyeyatafuta amefanya nusu ya kazi yake.

Na wapo vijana waliotangulia hata wataalamu. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika bewa lake la Port Vila nchini Vanuatu, waliuliza swali ambalo serikali zilikuwa zikilikwepa: je, sheria ya kimataifa inazilazimisha nchi kuilinda hali ya hewa, na nchi isiyofanya hivyo inawajibika vipi? Waliziandikia serikali za visiwa vyao. Vanuatu ikalichukua swali lao na kulipeleka Umoja wa Mataifa, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likakubaliana bila kupingwa kuliwasilisha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Mahakama ilitoa maoni yake tarehe 23 Julai 2025: nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na anayeukiuka anaweza kudaiwa fidia. Majaji wote walikubaliana. Swali hilo lililoifikisha dunia hapo lilianzia darasani.

"Lakini tayari tunawashirikisha"

Ndiyo, wanaitwa. Serikali ilitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kitaifa ili Wakenya wapande miti, katika mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Vijana walijitokeza na miche mikononi, wakachimba mashimo, wakapigwa picha. Kazi ile ni njema na sina neno nayo. Ninachouliza ni hiki: miche ya aina gani ilichaguliwa, kwa msitu upi, nani ataimwagilia kiangazi kikifika, na bajeti ya kuitunza ni kiasi gani? Hayo ndiyo maswali ya sera, na kwa kawaida yanakuwa yamekwisha jibiwa kabla kijana hajakabidhiwa jembe.

Hata pale sheria inapolazimisha maoni ya umma yakusanywe, utaratibu wenyewe huwaacha vijana nje. Tangazo hutoka gazetini, gazeti ambalo kijana wa Kinango au Loiyangalani halioni. Waraka ni wa kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria. Mkutano unawekwa siku ya kazi saa nne asubuhi, mwanafunzi akiwa darasani na mwendesha bodaboda akiwa barabarani anatafuta riziki ya siku. Anayefika anajigharamia nauli, anapewa dakika mbili za kuzungumza, jina lake linaandikwa kwenye orodha, na orodha hiyo ndiyo inayotumika baadaye kama ushahidi kwamba vijana walishirikishwa.

Baya zaidi hufuata baada ya mkutano: kimya. Hakuna anayerudi kueleza ni maoni gani yalikubaliwa, yapi yalikataliwa, na kwa nini. Kwangu mimi kurudi kueleza hayo ndicho kipimo cha ushirikishaji, kuliko idadi ya waliohudhuria. Mtu aliyekataliwa na kuelezwa sababu atarudi mkutano ujao na hoja bora. Aliyeachwa bila jibu hatarudi, kisha tutasema vijana hawajali.

"Vijana wanajua kupinga tu"

Wanaosema hivi hutaja Juni 2024, mwezi wa maandamano ya vijana. Na mimi nitaitaja, kwa sababu wengi wamesahau kwamba ndani ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kulikuwa na tozo ya mazingira. Ilinuiwa kutozwa bidhaa ambazo takataka zake huchafua nchi: vifaa vya elektroniki, magurudumu, betri, nepi na nyinginezo. Msingi wake, kwamba anayechafua alipe, ni msingi ambao wanamazingira wenyewe wamekuwa wakiupigania kwa miaka mingi.

Vijana walifanya nini? Waliusoma mswada. Waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakautengenezea video fupi na hata programu za kompyuta za kujibu maswali ya wananchi kuhusu yaliyomo. Wasichana wakauliza juu ya sodo: je, tozo hii haitapandisha bei ya kitu ambacho msichana wa shule anakikosa hata kwa bei ya sasa? Tarehe 18 Juni kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kwamba bidhaa zinazotengenezwa nchini, zikiwemo sodo na nepi, hazitatozwa. Siku nane baadaye Rais alikataa kuutia saini mswada wote. Katikati ya hayo makumi ya watu waliuawa katika maandamano, wengi wao vijana, na hakuna hesabu ya ushuru inayoweza kufidia maisha yao.

Kusoma mswada, kuutafsiri na kuuliza nani ataumia ndiyo kazi ambayo ushirikishaji wa umma unatakiwa kufanya. Vijana waliifanya wenyewe kwa gharama yao, ila waliifanya mwishoni, mswada ukiwa tayari umefika Bungeni na hasira zimepanda. Fikiria lau wangeulizwa mwaka mmoja kabla. Wangeuliza fedha za tozo zinakwenda wapi: kwa waokota taka wa Dandora wanaozipanga taka kwa mikono mitupu, au katika mfuko mkuu wa serikali? Wangeeleza ni bidhaa gani zina mbadala na zipi hazina. Nchi ingeweza kupata tozo nyepesi yenye lengo, ambayo watu wanaielewa. Badala yake wazo zuri la mazingira lilifika kwa wananchi likiwa limevaa sura ya kodi nyingine tu, likaanguka pamoja na mswada mzima.

"Wanaosikika ni wa mjini, wenye Kiingereza na pasipoti"

Hapa wapinzani wana haki, na sisi tunaotetea vijana tunapaswa kulikiri hilo waziwazi. Kuna kundi dogo linaloalikwa kila mahali. Lina majina yanayojulikana, linajua lugha ya mikutano, na hualikwa tena kwa sababu lilialikwa jana. Kijana mchungaji wa Marsabit, ambaye ukame wa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022 ulimmalizia mifugo, hana nafasi humo.

Lakini kasoro hiyo inatuelekeza wadini, haituambii tufunge mlango. Na wadini tayari kuna pa kuanzia. Kaunti za Isiolo, Wajir, Garissa, Kitui na Makueni zilikuwa za kwanza kujaribu mfuko wa tabianchi wa kaunti, ambapo kamati za wadi zilichagua miradi inayohitajika kwao, na mara nyingi zikachagua maji. Leo mpango huo umeenea kaunti nyingi kupitia FLLoCA, programu ya kugharamia miradi ya tabianchi inayoongozwa na wenyeji, na taratibu za kaunti hutenga nafasi za vijana katika kamati. Swali la kuuliza wadini kwako ni moja: aliyekaa katika nafasi hiyo ni nani, na alichaguliwa na vijana au aliteuliwa na mheshimiwa?

"Kwa mila zetu, wazee ndio huamua"

Methali huja haraka hapa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naiheshimu. Ila mila zetu zina zaidi ya methali hiyo. Wafugaji wa Kisomali wana sahan: kabla ya kuhamisha mifugo, vijana hutumwa mbele kuitazama nchi, kuona nyasi zimeota wapi, kisima kipi kina maji na njia ipi ina hatari. Wanaporejea, wazee hukaa, huwasikiliza, huwahoji, kisha huamua. Mzee anayeamua kuhama bila kumsikiliza aliyetumwa anahatarisha kundi lote, na hakuna ambaye angeiita hiyo hekima. Uamuzi ulibaki kwa wazee, lakini habari zilitoka kwa vijana, na zilitangulia uamuzi.

"Hizi ni ajenda za wafadhili"

Baadhi ya warsha zinalipiwa na wafadhili, ni kweli. Mafuriko yaliyoua watu Mai Mahiu mwezi Aprili 2024 hayakulipiwa na yeyote. Na maneno kama haya alirushiwa mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 kujengwa katika bustani ya Uhuru Park mwaka 1989. Leo bustani ipo, na jumba halikujengwa.

"Wasubiri, zamu yao itafika"

Zamu ipi? Kenya iliahidi mwaka 2020 kupunguza gesi zinazopasha dunia joto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, tukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila juhudi zozote. Aliyekuwa na miaka 16 ahadi ilipotolewa atakuwa na 26 siku ya kuhesabiwa.

Chukua pia biashara ya kaboni. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka mradi wa kaboni wa ardhini uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mikataba ya namna hii huweza kuifunga ardhi ya jamii kwa miaka 20, 30 au zaidi: wapi mifugo italisha, nani atakata mti, nani atalima. Wazee wanaotia saini leo, Mungu awape umri, wengi wao hawatakuwepo mkataba utakapomalizika. Vijana watakuwepo. Watarithi masharti ambayo hawakuyasoma, na wakitaka kuyabadilisha wataambiwa mkataba ni mkataba. Kumwambia mtu kama huyo asubiri ni kumtaka aje kulipa deni asilolikopa. Kwa maoni yangu mkataba wa kaboni wa jamii usitiwe saini kabla rasimu yake haijasomwa kwa lugha ya wenyeji mbele ya vijana wa pale, na majibu ya maswali yao kuandikwa na kuambatishwa.

Kwako kijana unayesoma haya: usingoje mwaliko. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia afisi ya umma kuomba rasimu ya sera, majina ya wanakamati wa tabianchi wa wadi yako, au ripoti ya maoni yaliyokusanywa na hatima yake. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili, na huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hizo. Weka nakala, na uandike tarehe uliyoifikisha. Afisi ina siku 21 za kukujibu.