Kodi ya mgeni aliyelala Nyali huenda wapi?

Ukipita Nyali, Bamburi au Shanzu siku hizi, nyumba zilizokuwa za wapangaji wa mwaka mzima zimegeuka za wageni wa siku mbili tatu. Diani na Watamu ni hivyo hivyo, na hata Lamu, ndani ya Mji wa Kale, vyumba vya juu vinakodishwa kwa simu. Mwenye nyumba hana bango wala meza ya mapokezi. Picha ziko Airbnb au Booking.com, mgeni huachiwa ufunguo kwa bawabu, na pesa huingia. Sasa serikali inauliza kodi iko wapi, na swali hilo ni haki yake kuliuliza. Langu mimi ni jingine: ikishalipwa, huenda wapi?

Nina jirani, mama wa makamo, mwenye nyumba mbili za chumba kimoja anazozikodisha namna hii. Si mtu wa kukwepa. Aliniomba nimsaidie kupanga makaratasi yake, na tukajikuta tunazunguka ofisi kwa ofisi. Kaunti inataka leseni ya biashara, na nyuma yake kuna ukaguzi wa moto na wa afya. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii nayo inataka leseni yake, kwa sababu Sheria ya Utalii ya 2011 haihesabu hoteli kubwa peke yake. Imetaja pia nyumba za wageni, nyumba za likizo za ufuoni na hata familia zinazopokea wageni nyumbani kwao. Halafu kuna Hazina ya Utalii, inayodai asilimia 2 ya mapato, na tarehe yake ni 10 ya mwezi unaofuata. Mwisho ni KRA, yenye tarehe 20 na mfumo wake wa risiti wa eTIMS.

Hapo kwa KRA ndipo penye ukungu. Kodi ya nyumba za kupangisha ilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 mwezi wa Januari 2024, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Je, nyumba ya wageni wa siku mbili ni nyumba ya kupangisha au ni biashara? Mshauri mmoja atakwambia hivi, mwingine vile. Sheria ya VAT imejibu kwa upande wake: nyumba ya makazi haitozwi, lakini malazi ya likizo hayamo katika msamaha huo, na mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka lazima ajisajili atoze asilimia 16. Basi nyumba ile ile, yenye kitanda kile kile, yaweza kuwa makazi kwenye dawati moja na hoteli kwenye dawati la pili. Mtu akichelewa kulipa kwa sababu hajui yuko fungu gani, sioni haki ya kumwita mwizi.

Tulipiga hesabu. Nyumba ya shilingi 5,000 kwa usiku ikilaliwa usiku 15 kwa mwezi ni 75,000. Levi ya utalii ni 1,500, na kodi ya asilimia 7.5, akihesabiwa huko, ni 5,625. Kusema kweli si pesa za kumvunja mtu mgongo. Kinachomchosha jirani yangu ni milango, nywila, foleni na faini za kuchelewa.

Wenzetu wamelipanga vingine. San Francisco, kule Marekani, mji hutoza asilimia 14 kwa kila anayelala hotelini au katika nyumba ya muda mfupi. Kodi ni ya mgeni. Mwenye nyumba ni mkusanyaji tu. Tangu Oktoba 2014, Airbnb yenyewe hukata kodi hiyo mgeni anapolipa na kuiwasilisha kwa mji. Mwaka 2018 wapiga kura wa hapo wakaamua sehemu yake itengewe sanaa na utamaduni. Mgeni amekuja kuona mji, na mji unabaki na kitu chake.

Kwetu, Mombasa haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa kaunti kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani. Kodi nyingine yoyote mpaka Bunge liidhinishe kwa sheria. Ada za huduma kaunti hutoza, lakini senti ya usiku wa mgeni si yake. Taka za mgeni, ambazo wakati wa Krismasi na Pasaka huongezeka mno, zinazolewa na nani? Na maji yanayokatika mitaani huku matangi ya wageni yakijazwa kwa malori?

Sisemi levi ya asilimia 2 ni bure. Tangu miaka ya 1970 ndiyo iliyosomesha wapishi na wahudumu katika Chuo cha Utalii, Nairobi, na vijana wetu wengi walipita hapo. Lakini chuo cha pili, cha Ronald Ngala, kipo Vipingo, Kilifi, na ujenzi wake umechukua zaidi ya miaka kumi. Anayelipa levi kutoka Kilifi ana haki ya kuuliza kuhusu jengo analolipita akiwa ndani ya matatu.

Wenye hoteli wanasema nyumba hizi zinawanyang'anya wateja bila kubeba mzigo wao. Wana hoja. Wao wana wafanyakazi, walinzi wa ufuo na wakaguzi kila mara. Ila dawa yao isiwe kodi mpya juu ya 16 na 2 zilizopo, kwani mgeni wa Nairobi anayepiga hesabu ya likizo ataamua kubaki kwao. Ninachokipendelea mimi ni asilimia 2 hiyo hiyo ikatwe na mtandao kabla pesa hazijamfikia mwenye nyumba, na sehemu yake irudi kaunti mgeni alikolala, ikiwa na kazi iliyotajwa kwa jina: taka, maji, taa za ufuoni, na kwa Lamu, kuta za mji uliomo katika orodha ya UNESCO tangu 2001.

Mpaka hapo, ushauri niliompa jirani yangu ndio ninaoutoa kwenu. Bei unayomtajia mgeni iwe na ile 2 ndani yake. Fungua akaunti ya pili, na kila malipo yakiingia, hamisha sehemu ya kodi siku hiyo hiyo; ihesabu kuwa amana. Weka orodha ya usiku uliolaliwa, hata kwenye daftari. Kumbuka pia kwamba levi hupigwa juu ya mapato yote, wala si juu ya kilichobaki baada ya mtandao kukata kamisheni yake.

Mswada wa Fedha hufika bungeni kila mwaka kabla ya Juni, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wenye hoteli hupeleka mawakili wao. Wenye nyumba za Bamburi, Watamu na Shela hawana hata kikundi cha WhatsApp cha pamoja, na hilo laweza kuanza wiki hii.