Usikubali kufyekewa matuta bila kipimo, wala usikimbie kipimo

Ndugu mkulima wa mchicha, na wewe mfanyabiashara unayeamka usiku wa manane kuwahi mzigo,

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia sheria, kwa sababu sheria mbovu humaliza shamba haraka kuliko mdudu yeyote.

Kila yanapozuka maneno kuhusu mboga za bonde la Msimbazi, nasikia kauli mbili. Ya kwanza hutoka ofisini: "Mboga zile ni sumu, zifyekwe." Ya pili hutoka shambani: "Tumezila miaka yote, nani amekufa?" Nasema wazi kwamba zote mbili ni kauli za uvivu. Hakuna hata moja iliyoshika kipimo mkononi.

Tuanze na ya ofisini. Tafiti za miaka ya 1990 zilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa Dar es Salaam zililimwa humu humu mjini. Si ajabu. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne na hauvumilii safari ndefu juani. Ukifyeka bonde zima, watu hawataacha kula mchicha. Mkulima atahamia mfereji mwingine uliojificha, na mwenye genge atanunua bila kujua mzigo umetoka wapi. Hapo umemlinda nani?

Sasa tuje kwetu shambani. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walikuta risasi na kadimiamu kwa viwango vya kutia wasiwasi. Hizi ni metali nzito, si vijidudu, na kuchemsha mboga hakuziui. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto polepole. Kadimiamu hujilimbikiza kwenye figo miaka kwa miaka. Kwa hiyo kuuliza "nani amekufa?" si hoja. Madhara yake hayaji na msiba wa kesho asubuhi.

Lakini subiri, usiukimbilie utafiti huo kama rungu. Mwaka 1999 magari yetu yalikuwa bado yanatumia petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa jangwa la Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Anayetumia takwimu za wakati ule kufunga shamba la leo anakosea. Anayesema mambo yamekwisha naye anakosea, maana risasi iliyokwisha kuingia kwenye udongo haiondoki kama moshi. Na wewe unayelima kando ya Mto Kizinga, kule Temeke, utafiti wa Sinza hauwezi kukuhukumu wala kukusafisha. Jibu lako liko kwenye udongo wako na maji yako, yakipimwa sasa.

Tena uchafu si wa aina moja. Maji yenye kinyesi huleta kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hatari hiyo hupunguzwa kwa desturi njema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unakubali njia hiyo: kinga kadhaa zinazofuatana, kuanzia shambani hadi jikoni. Maji yenye metali za viwandani, gereji na betri ni kesi nyingine. Hapo inabidi kubadili zao, au kuacha kabisa kulima chakula. Sheria inayotaja tu "maji machafu" inamwadhibu wa kwanza kwa kosa la wa pili.

Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 zinakumbukwa kwa hesabu zake: ekari tatu kwa mtu, ng'ombe wanne wa kufugia bandani. Ekari hupimwa kwa kamba na ng'ombe huhesabiwa kwa macho. Maji yanataka maabara, na ndiyo maana kila mtu anayakwepa. Sisi maofisa ugani tumo pia. Tumeacha tafiti zilale kabatini huku tukiwaambia wakulima "tumieni maji safi" bila kuonyesha yalipo.

Ninachodai ni hiki. Halmashauri isifunge bonde lolote kabla ya kupima maji na udongo, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa. Pakifungwa, pafungwe pale tu palipopimwa, na mkulima apewe muda wa kuvuna na kuhama. Na bomba linalomwaga uchafu huko juu lifungwe kwanza, kabla ya jembe la mtu wa chini.

Wewe nawe usikae kusubiri:

1. Jiungeni kikundi mchangie gharama ya kipimo. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa hapa jijini. Ulizeni bei kabla ya kupeleka sampuli.
2. Udongo: chota sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, si ya bati, kisha peleka nusu kilo.
3. Maji ya kupima vijidudu yawekwe kwenye baridi na yafike maabara siku hiyo hiyo.
4. Mwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani. Acha maji yatulie kwanza, na usimwagilie siku chache kabla ya kuvuna.
5. Mfanyabiashara, usioshe mboga mferejini wala usizinyunyizie maji yake ili zing'ae. Andika daftarini kila mzigo umetoka shamba gani.
6. Kipimo kikionyesha metali nyingi, acha kupanda mboga za majani hapo. Weka miche ya maua au ya miti ya vivuli.

Najua hofu yenu: "Tukipima, tutafungiwa." Lakini asiye na karatasi ndiye anayefungiwa kirahisi. Kikao cha mtaa kikiitishwa, mwenye majibu ya maabara anasikilizwa. Mwenye kelele tupu anaambiwa akae chini.

Tukutane shambani.